Kuonja Si Kula

Kama hujawahi kula viazi vya Karai, pole sana, maisha yako yana tundu. Watu wa kiwanda cha magodoro walikuwa wakicheleweshewa mshahara wananung'unika kidogo, basi. Lakini siku viazi vya Karai vikiisha kabla foleni haijaisha, hapo kelele zinafika mpaka ofisini. Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Lilimezwa na lile karai lake la chuma, jeusi tii, pana kama beseni la kuogea, ambalo alikuwa anakaangia kwenye kantini tangu bado ana nywele, na ana kiuno.

"Mimi," alikuwa anawaambia watu wa foleni, mwiko begani kama askari na bunduki yake, "nipe soli ya kiatu niikaange. Utaila na utaomba nyongeza."

"Mzee Karai, na hii nyama ya leo siyo hiyo soli kweli?"

"Soli ilikuwa jana. Leo umepata kisigino, mshukuru Mungu."

Watu wanacheka, sahani zinasogea. Ndivyo alivyokuwa. Mdomo wake haukuwa na mlango, na kama uliwahi kuwa nao, basi alishaung'oa akauchochea moto.

Kitu alichokuwa anajisifia kuliko hata viazi ni kwamba pombe hajaijua. Mtu akiugua ini, Karai ndiye hakimu. Kuna mwenzao mmoja wa upande wa kubandika sponji, walimwita Gundi. Huyu aliwahi kuugua, akakaa nyumbani muda mrefu, akarudi shati linapepea mwilini kama limeanikwa kambani. Siku ile amerudi, yuko kwenye foleni na sahani yake, Karai akapaza sauti: "Mpisheni Gundi! Amekunywa mpaka ini limejua kuogelea!" Foleni nzima ikaangua kicheko. Gundi akachukua wali wake, akaenda kukaa pembeni, akala kichwa chini. Hakujibu neno. Karai akahesabu hiyo kuwa ameshinda.

Sasa sikilizeni.

Ikafika wakati Karai akawa anachoka. Akibeba sufuria la maharage kutoka jikoni mpaka kaunta, anatweta kama amebeba ng'ombe. Upande wa kulia chini ya mbavu kukawa kuzito. Mke wake alishafariki, anakaa na mwanawe na mke wa mwanawe. Huyo mkwe ndiye aliyemkazania.

"Baba, twende tukapime."

"Nipime nini? Mimi mzima. Ni uzee tu umekuja kunisalimia."

"Basi twende tukaupime huo uzee."

Wakaenda. Akalazwa kitandani, akapakwa kitu cha baridi tumboni, wakaangalia kwenye kioo. Daktari akasema, "Mzee, ini lako limejaa mafuta."

"Mimi sinywi!" Karai akaruka, hata shati hajashusha.

"Sijasema unakunywa. Kuna wanaopata kwa pombe, na wengi tu wanapata bila kuonja tone. Unene, sukari, vya kukaanga. Kwani unafanya kazi gani?"

Karai akashusha shati. Mkwe akaangalia sakafu, midomo ameibana, mabega yanamcheza.

Wakapelekwa kwa mama wa lishe, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya mwalimu wa zamu. Akasema hakuna miujiza hapa, ni chakula cha kawaida tu cha kila siku. Punguza mafuta, acha soda na chai ya sukari, kula mboga na kunde na samaki, sahani isiwe mlima, na utembee. Uzito ukishuka pole pole, ini nalo linapumua. Mkwe alikuwa anaitikia kila neno. Karai alikuwa anafikiria kitu kimoja tu: kiwandani wakisikia neno *ini*, amekwisha.

Njiani akasema, "Mwanangu, hii habari isitoke nje ya nyumba."

"Haitatoka, Baba."

Na kweli haikutoka.

Huyu mkwe ni mshonaji. Anashona sare za shule barazani, pini zimejaa kwenye kola, mdomo hausemi sana. Alichofanya ni kubadilisha jiko lote. Mumewe alipouliza kwa nini wasimpikie mzee peke yake, akajibu, "Mtu mzima ukimtengea chakula chake pembeni anaona kafungwa jela. Tutakula wote." Basi asubuhi ikawa uji wa shayiri, badala ya sukari kapondea ndizi mbivu. Jioni maharage yaliyochemka na kitunguu, nyanya na karoti, mafuta kijiko kimoja kwa sufuria zima, na anakipima kweli, anapitisha kidole juu kukisawazisha kama anakata kitambaa. Siku nyingine samaki wa kuivishwa kwa mvuke, tangawizi na ndimu juu yake. Dengu. Viazi vitamu vya kuchemsha na maganda yake. Mboga za majani zisizoiva mpaka zikafa. Kipande cha parachichi, maji ya kunywa, basi.

"Leo tena?" mumewe alikuwa anauliza akifunua sufuria.

"Leo tena. Kwani jana ulilipa?"

Na chakula cha mchana alikuwa anamfungia mzee kwenye kibakuli cha bluu chenye mfuniko, anakizungushia kipande cha kitambaa cha sare kilichobaki, anafunga fundo. Kila siku. Anamkabidhi mlangoni kwa mikono miwili.

Hapo ndipo Karai alipoharibu.

Siku ya kwanza alikiweka kile kibakuli mezani kantini, akagusa fundo, halafu akaangalia foleni. Macho yote yale! Mpishi mkuu, mfalme wa karai, anafungua kibakuli cha maharage ya kuchemsha kutoka nyumbani? Watasema nini? *Mpishi mwenyewe hali chakula chake, sisi anatulisha nini?* Halafu watauliza kwa nini. Halafu jibu ni ini. Na Gundi yupo pale pale, kijiko mkononi.

Akakirudisha chini ya meza. Baadaye akatoka nacho mpaka getini kwa mlinzi, mzee mwenzake, tumbo mbele, anayekula mkate mkavu kwa sababu hana mtu wa kumpikia.

"Mwenzangu, mkwe wangu amepika kingi. Kasema nikuletee na wewe."

"Mimi? Hata hanijui!"

"Anakujua kwa sifa. Kula, urudishe kibakuli."

Mlinzi akala, akalamba mpaka mfuniko. Kesho yake Karai akampelekea tena. Ikawa ndiyo desturi.

Na yeye Karai je, alikuwa anakula nini mchana? Ukimuuliza atakuapia kwa kaburi la mama yake: hali kitu. Anaonja tu. Mpishi asiyeonja ni dereva aliyefumba macho. Na kuonja si kula, kila mpishi anajua. Kwa hiyo asubuhi anaonja chai, na chai haionjwi kwa kijiko, inaonjwa kwa kikombe, na kila birika lina chai yake. Mchuzi anauonja kwa ganda la mkate, analichovya pale juu mafuta yalipoelea, maana ladha yote inakaa juu. Kila mkupuo wa viazi ukitoka kwenye mafuta anachukua viwili vitatu, ajue kama vimeiva ndani. Nyama, kipande kimoja, na kama hakikumpa jibu, cha pili. Ukoko wa wali kwa sababu ni dhambi kutupa. Halafu anafuta mdomo, anasema, "Haya, leteni sahani. Mimi tangu asubuhi sijatia kitu tumboni." Na alikuwa anaamini! Hilo ndilo la ajabu. Hakuwa anadanganya, alikuwa anaonja.

Siku ya kurudi kliniki ikafika. Kwenye benchi la nje watu wamejipanga, na nani yuko mwisho wa benchi, kofia magotini? Gundi. Karai akamwitikia salamu kwa nyusi tu.

Mzani pale uko nje kabisa, mbele ya benchi, hakuna siri. Karai akapanda. Mama wa lishe akainama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Umeongezeka."

"Nimevaa viatu vizito," Karai akasema.

"Umeongezeka kuliko viatu." Akageuka kwa mkwe. "Wewe mama, tulikubaliana nini hapa? Huyu mzee unamlisha nini nyumbani?"

Mkwe akaanza kutaja. Shayiri. Maharage. Samaki wa mvuke. Kijiko kimoja cha mafuta. Sauti yake ikawa inapungua kadiri anavyotaja, kama mtu anayejitetea kituoni.

"Mwanangu, mzani hausemi uongo. Hivyo ulivyotaja mtu haongezeki. Ama unapika kingine, ama hujui kupima. Mtu mzima kama huyu mnamwua kwa mapenzi." Akamgeukia Karai. "Mzee, kazini unakula?"

Gundi ameinua kichwa.

"Kazini sili," Karai akasema.

Ndiyo hivyo. Maneno mawili tu yalimtoka, na yale mengine yote yakabaki kooni. Mkwe akainamisha uso, akavuta mtandio mpaka kwenye paji. Karai aliona chozi likidondokea kwenye mkono wake wenye alama za sindano, akajifanya anafunga kamba za kiatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Nyumbani mambo hayakuishia hapo. Mwanawe aliposikia, alimsema mkewe jikoni, na ile nyumba kuta zake ni kama pazia, mzee akasikia kila kitu.

"Yaani kuchemsha maharage tu kunakushinda?"

"Napima, baba watoto. Nakuapia napima."

"Basi nitamwita shangazi aje ashike jiko mpaka mzee apone. Na wewe kaa na cherehani yako."

Shangazi huyo ni dada yake Karai, ulimi wake unakata chuma. Akiingia kwenye nyumba ya mtu, mwenye nyumba anaomba ruhusa kuchota maji. Na akishatangaza kwa ukoo kwamba mke fulani alishindwa kumlisha baba mkwe wake mgonjwa, hilo ni jina mtu anazikwa nalo. Karai alijua. Aliinuka kitandani akafika mpaka mlango wa jikoni. Akasimama. Akakohoa. Wote wawili wakageuka, wakamwangalia.

"Nilikuwa natafuta maji," akasema.

Mzee mzima, mdomo uliowahi kuangusha foleni nzima kwa kicheko, anaomba maji.

Mkwe akazidi kupunguza. Kijiko cha mafuta kikawa nusu, maharage yakawa yanaogopa sufuria. Yeye mwenyewe akawa hali vizuri, anamwangalia mzee anavyokula kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Na kila asubuhi bado anakifunga kile kibakuli, mikono miwili mlangoni: "Baba, jitahidi ukimalize." Na kila mchana kinaliwa getini.

Jumamosi moja alasiri, mwanawe yuko barazani anarekebisha kiti, mkwe yuko kwenye cherehani, Karai amekaa kwenye ngazi. Siku inayofuata ndiyo shangazi anakuja. Mara mtu anabisha hodi. Mlinzi wa geti! Amevaa shati la kutokea, mkononi mkungu mdogo wa ndizi mbivu. Karai alijaribu kuinuka amzuie njiani, hajasimama wima mlinzi ameshafika barazani.

"Hodi wenyewe! Nimeuliza njia mpaka nimefika. Yuko wapi huyo mama anayenipikia?"

Mkwe akaacha kushona. "Mimi? Karibu, mzee wangu. Nakupikia wapi?"

"Haya, mnyenyekevu kama alivyonisimulia!" Mlinzi akaweka ndizi chini, akashika mkanda wake. "Mama, tazama. Huu mkanda nimeutoboa tundu jipya kwa msumari, na juzi nimetoboa jingine. Nilikuwa siwezi kuinama kufungua geti la chini. Sasa nainama mpaka nachuma majani! Na ile samaki yako ya tangawizi, mwanangu, hata mimi nisiye na mke nililia. Dengu nazo! Kibakuli cha bluu nikikiona tu, naita 'Mpishi mkuu amefika!' Nimesema nikifa bila kushukuru, nitakuwa sina haya."

Cherehani ilikuwa bado inazunguka gurudumu lake taratibu, ikasimama. Mwanawe alikuwa ameshika nyundo hewani. Mkwe alimwangalia mlinzi, akaangalia tumbo la baba mkwe wake, akaangalia tena mkanda wa mlinzi.

Halafu akauliza, kwa sauti ile ile ya kila siku, "Chumvi ilikuwa inakutosha?"

"Kabisa, mama."

"Haya, kaa upate maji."

Mlinzi alikaa, akanywa, akasifia tena, akaondoka na furaha yake. Maskini, hakujua kwamba ametoka kumchinja rafiki yake kwa shukrani. Karai alibaki pale pale kwenye ngazi. Alitamani atukanwe. Angetukanwa angejibu, ana majibu ya kila tusi. Lakini mkwe alirudi kwenye mashine, akashona mshono mzima wa suruali, akakata uzi kwa meno.

"Baba," akasema bila kugeuka. "Kwani chakula changu cha mchana ni kibaya?"

Karai akakuna goti. "Sijui, mwanangu. Sijakionja."

Mtu anayeonja kila kitu! Mwanawe akaweka nyundo chini, akaenda kusimama mlangoni, uso ameugeuzia ukutani.

"Na kazini unakula?"

"Sili. Naonja tu. Wallahi naonja tu."

Mkwe akainuka, akaenda kuleta kile kibakuli cha bluu, kitupu. "Jumatatu nenda nacho hivi hivi. Kila ukionja kitu, kiasi kile kile weka humu ndani. Uniletee. Sitaki maneno, Baba. Naomba tu hilo." Kisha akamgeukia mumewe aliyekuwa amesimama mlangoni. "Na shangazi mwambie asubiri."

Jumatatu Karai akafanya. Kikombe cha chai, akamimina kingine kibakulini. Ganda la mkate lenye mafuta ya juu, na mwenzake kibakulini. Viazi viwili vitatu, viwili vitatu. Kwa mkupuo wa pili alijaribu kuonja kidogo kidogo, nusu kiazi, akaona anajiibia mwenyewe, akaona haya mbele ya sufuria. Chai ya asubuhi haijaisha kuuzwa, kibakuli kimejaa. Akachukua bakuli kubwa la kantini. Nyama, na cha pili. Ukoko. Foleni ilipoanza, na hilo limefika ukingoni. Haba na haba hujaza kibaba, na cha Karai kilikuwa kinamwagika.

Akavifunika, akavibeba nyumbani kwa miguu, anapita njia za nyuma kama mwizi wa kuku. Akaviweka mezani. Mkwe akafunua. Chakula kilikuwa kimepoa, na juu yake mafuta yameganda meupe, mazito, unaweza kuandika jina lako kwa kidole. Viazi vimezama humo kama matope yamevimeza. Mkwe akaweka pembeni yake sahani ya jioni: maharage, mboga, kipande cha samaki. Akakaa. Wote wakaangalia.

"Hiki ndicho kilichokuwa tumboni mwangu?" Karai akauliza.

"Kila siku," mwanawe akasema. Kisha akamgeukia mkewe, akashindwa kumaliza: "Mama watoto, mimi..." Mkewe akamsogezea kijiko, ale.

Karai alivua kofia. Alitafuta mzaha, maana mzaha ndio ulikuwa mlango wake wa kutokea siku zote. Hakuupata.

Kesho yake alimpa msaidizi wake jikoni, mama mmoja mwenye ulimi mwepesi, kazi ya kuonja. Kijiko cha chai, mara moja, basi. Na mchana akafungua fundo la kitambaa cha sare mezani, mbele ya foleni. Walimsema, ndiyo. "Mpishi hali sumu yake!" Yeye akala kichwa chini, kama alivyowahi kula mtu mwingine pale pale. Maharage yalikuwa matamu. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Lakini lilibaki benchi. Benchi ndilo lililomwona mkwe wake akilia.

Siku ya kliniki Karai hakusubiri kuitwa. Watu wamejaa, Gundi yuko mahali pake, mama wa lishe amesimama karibu na mzani. Karai akasimama mbele yao, kofia mkononi kama kijana anayeposa.

"Mama, kabla hujanipima. Mara ile ulimsema huyu mkwe wangu hapa hapa, na ninyi mlisikia. Yeye hana kosa. Kila siku alinifungia chakula, nikampa mlinzi. Mimi nilikuwa nakula mafuta ya kantini, nikajiita naonja. Alilia kwa ajili yangu na mimi nikajifanya nafunga kamba za viatu." Akanyanyua mguu. "Tazameni. Havina hata kamba."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Mama wa lishe akavua miwani, akamwendea mkwe, akamshika mkono. "Nisamehe, mwanangu. Nilikukemea bila kukuuliza vizuri." Mkwe akaitikia kwa kichwa, mtandio ukamteleza begani, hakuuvuta tena usoni.

Karai akapanda mzani. Ulikuwa umeshuka, kidogo tu, kiasi cha kibakuli. Akashuka, akatafuta pa kukaa. Benchi lilikuwa limejaa, ila Gundi akasogea, akampigia mbao kwa kiganja.

"Kaa, mzee. Kwa hiyo na lako limejua kuogelea?"

Karai akakaa. Masikio yanamwaka moto. "Langu limejua kukaanga," akasema chini chini. "Gundi, siku ile kwenye foleni..."

"Mimi pia sijawahi kunywa," Gundi akasema.

Karai alibaki anaangalia viatu vyake. Mkwe akafungua fundo la kitambaa magotini, akatoa kiazi kitamu, akakigawa. Nusu akampa Gundi, nusu akampa baba mkwe wake, kwa mikono miwili.